Sura ya Saba: CD ya Cirhuza

Inspekta Rachidi Uledi hakuwahi kugombana na kompyuta, maana hakuwahi kukaa mbele yake. Asubuhi ile ya kiangazi alikaa mbele ya moja katika ofisi ya Tafuta Ndugu, nyuma ya soko la Rumonge, na hata chai yake haijapoa alikuwa ameshaichukia. Kioo kiliwaka vizuri. Palikuwa na nafasi ya jina, ya baba, ya mama, ya kilima alikozaliwa mtu na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Nafasi zote zilikuwa wazi.

"Yote yameenda?" aliuliza.

"Yote, Inspecteur," alijibu Mwamini, mwanamke aliyekuwa akiandika majina katika mashine ile. "Hata moja halikubaki. Jana niliweka ile CD, vile directeur alisema. Ikamaliza kazi yake. Kufungua, naona cheupe."

Majina yenyewe yalikuwa ya watu waliopoteana kwa vita: watoto waliokimbilia Kigwena wakati mama zao wamekimbilia Minago, wazee waliovushwa ziwa hadi Tanzania, Wakongo waliokuja upande huu wakikimbia vita vyao na kukuta vya huku vinawasubiri. Mtu akifika, Mwamini alitafuta jina. Mara moja moja lilipatikana, na siku hiyo ofisi nzima ililia. Nje, kina mama walikuwa wameshapanga foleni kama kawaida yao. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuwaambia.

Lakini Rachidi hakuja kwa ajili ya majina tu. Alikuja kwa ajili ya Cirhuza, fundi wa kompyuta kutoka Bukavu, aliyeitengeneza CD ile. Cirhuza alikuwa amelala mahabusu, kwenye kasho ya kituo, na msafara wa jeshi ungeondoka mchana kwenda Bujumbura, mara Luteni akimaliza kula, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukutwa barabarani jua likishuka. Luteni alishasema kwamba mfungwa atapanda lori la mbele. Rachidi aliwajua watu waliowahi kupandishwa lori lile kwa tuhuma za kuwasaidia waasi. Hakumjua hata mmoja aliyerudi.

"Ni sabotage," ilisema sauti ya mlangoni.

Huyo alikuwa Bwana Aristide, mkurugenzi wa ofisi, suti ya kaki, viatu vinang'aa. Mkononi alishika agenda yake ya elektroniki, kidude cheusi cha kufunguka chenye vitufe vidogo na kioo chembamba, ambacho hakuwahi kukifungua mahali pasipo na watu. Alibonyeza mara mbili, akatazama kioo, akabonyeza tena.

"Naandika hapa: sabotage. Mukongomani anatengeneza CD, CD inakula majina. Inspecteur, iko nini tena ya kutafuta?"

"Natafuta sababu."

"Sababu watamuuliza kule juu. Kama hana kosa, watamuachia. Anaogopa nini?"

Rachidi alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi tangu vita vianze, na siku zote yalitoka kwa mtu ambaye mwenyewe hapandi lori. Alimgeukia Mwamini.

"Dada, nieleze jana ulifanya nini. Anzia kuwasha."

"Nawasha. Inalia piii. Inaandika maneno yake ya Kingereza kwenye giza, inagoma. Nafinya kile kidude cha huku juu, inaendelea. Halafu..."

"Ngoja. Inagoma?"

"Inagomaka kila umeme ukienda na kurudi. Tumeshaizoea. Hata miye asubuhi nagomaka mbele ya chai."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo. Tangu directeur aliifungua kupanguza vumbi."

"Ilikuwa imejaa vumbi!" alifoka Aristide. "Ingeungua. Hapa hakuna mtu anajali matériel isipokuwa mimi."

Mwamini aliinamisha kichwa kuficha cheko. Rachidi aliinama kutazama kioo. Pembeni kabisa, chini, palikuwa na saa ndogo, na saa hiyo ilisema ni usiku wa manane. Dirishani jua lilikuwa linachoma mabati.

"Na hii?"

"Ah, hiyo ni muongo," alisema Mwamini. "Hatuiangaliake."

"Tunapoteza wakati," alisema Aristide. "Kitu kimoja tu nikuambie, Inspecteur, halafu uende. Nakala ya CD hiyo hiyo Samy wa pikipiki aliipeleka ofisi yetu ya Minago, akaiweka, na majina ya kule iko salama. Ya Minago nzuri, ya Rumonge mbaya. Unaelewa? Alitulenga sisi."

Alisema hivyo na kukifunga kidude chake, tap. Rachidi alitamani kumzaba kofi. Lakini hoja yenyewe ilikuwa na uzito, na hilo lilimuudhi zaidi.

*

Luteni wa msafara alikuwa amekaa kivulini mbele ya kituo, akimsubiri muuza samaki amletee mukeke wa kuchoma. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sauti. Malori yalikuwa yameshaelekezwa kaskazini na askari walikuwa wanafunga turubai.

"Nusu saa unayo, Rachidi, labda na kidogo. Inategemea samaki."

"Afande, sijui bado kama ana kosa."

"Miye ninajua. Nilimuuliza programu yake ameinunua wapi. Anasema haina bei. Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Anasema haina mwenyewe, ni ya watu wengi, wengine wako Ulaya, wengine hata hawajuani. Sasa wewe niambie, mtu gani anafanya kazi bure na watu hawajuani? Katika nchi iko na vita?"

Rachidi mwenyewe aliona jambo hilo la ajabu. Aliingia ndani.

Cirhuza alikuwa amekaa sakafuni, mikono imefungwa kamba mbele, miwani imepasuka upande mmoja. Alikuwa mwembamba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeacha kutegemea kusikilizwa.

"Amahoro, Inspecteur."

"Amahoro. Nieleze hiyo CD kama vile unamweleza mama yako."

"Mama yangu anaelewaka haraka," alisema Cirhuza, halafu akaona uso wa Rachidi na kuendelea upesi. "Programu ya majina iko huria. Kila mutu anaweza kuifungua aone ndani, arekebishe, ampe mwenzake. Mi niliichukua, nikaipanga kwa kazi yetu. Lakini inakuwa ngumu kuiweka. Unaweka kipande hiki, kile, kingine, ukikosea haitembei. Na mashini za maofisi zote ni Windows, na watu wa maofisi si mafundi. Njo nikatengeneza installeur."

"Ndiyo nini?"

"Ni programu ndogo ya kuwekea programu kubwa. Mutu anaingiza CD, anafinya ndiyo, anafinya ndiyo, byote binajipanga. Nimefanya miezi kuitengeneza. Kila kitu ndani nilikiandika wazi. Hata Luteni akitaka asome."

"Luteni anataka samaki. Ndani ya CD kuna nini?"

"Kuna programu. Na faili moja ya majina, tupu, kwa ofisi inayoanza leo."

Rachidi alichuchumaa. "Faili tupu. Na Mwamini tayari ana faili yenye majina. Kwa hiyo hii tupu inakaa juu ya ile iliyojaa."

"Hapana! Si mujinga miye. Nimeiambia ibakize ile mpya. Installeur inaangalia tarehe ya kila faili. Mwamini anaandika kila siku, kwa hiyo faili yake iko ya jana. Yangu niliitengeneza tangu zamani. Ya Mwamini njo mpya, njo inabakia. Niliijaribu kwa mashini ya paroisse, pale kanisani, mara nyingi. Haiwezi kukosa."

"Imekosa."

"Minajua kama imekosa!" Sauti yake ilipasuka. "Usiku mzima niko napitisha kila mstari kichwani. Ile majina... Bibi yangu na mutoto wetu Benita wako humo, Inspecteur. Jina la Benita niliandika kwa mkono wangu. Mi nifute jina la mutoto wangu, kwa faida gani?"

Rachidi akauliza lile lililomkera tangu ofisini: "Na Minago ilifanyaje kazi?"

"Sijui," alisema Cirhuza. "Hiyo njo inaniua."

*

Samy alikuwa kwenye maegesho ya pikipiki, amejilaza juu ya tangi la yake, kofia machoni. Ndiye aliyekuwa akipeleka vitu vya ofisi Minago na kurudi, diskete za majina kila wiki, barua, siku nyingine bidoni zima la mafuta ya mawese lisilokuwa la ofisi. Rachidi aligonga tangi.

"Samy. Ile CD ya Minago."

"Niliiweka, Inspecteur!" Samy aliinuka. "Ilifanya bien. Hakuna tatizo."

"Uliiwekaje?"

"Si niliingiza. Ikazunguka."

"Ikakuuliza nini?"

Samy alikuna shingo. "Iliuliza... password. Nikaipa."

"Password gani?"

"Ile ya siku zote."

Cirhuza alikuwa amesema ni ndiyo na ndiyo tu. Rachidi alivuta pumzi. "Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Tarehe? Mi siangaliake tarehe, Inspecteur. Naangalia petroli."

Rachidi alisogea ili jua lisimpige usoni, lakini likamfuata. Halikuwa linatoka juu. Lilikuwa linatoka nyuma ya pikipiki, kwenye bamba la kuzuia tope, ambapo Samy alikuwa amefunga kwa waya kioo cha mviringo kinachometameta, kama waendesha baiskeli wote wa pwani ile wanavyofanya ili magari yawaone gizani. Rachidi alizunguka, akainama. Juu ya kioo hicho, chini ya tope, paliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MINAGO.

Hakikuwa kioo. Ilikuwa CD.

"Magari ya jeshi hayanionaka, Inspecteur," alisema Samy polepole. "Na siku ile kule Minago hakukuwa na umeme. Nikasema nitaiweka wiki inakuja. Halafu directeur akaniuliza mbele ya watu, nikasema ndiyo. Ukimuambia hapana anakuandika kwenye ile agenda yake."

"Kuna mtu anaenda kufa kwa ajili ya hiyo ndiyo yako, unajua?"

Samy hakujua. Uso wake uliporomoka wote kwa pamoja, na Rachidi, ambaye alikuwa ameandaa maneno makali zaidi, akajikuta hana pa kuyatupia.

"Lakini diskete niliipeleka," alisema Samy. "Majina ya huku, hadi ya wiki jana, iko kwa mashini ya Minago. Hakuna aliyeniuliza, lakini ile sikudanganya. Wallahi."

"Basi kwa uvivu wako majina yamepona," alisema Rachidi. "Mungu akusamehe, maana mimi sina nafasi. Washa pikipiki."

Njiani kurudi sokoni, ameshikilia kiti kwa nyuma na vumbi likimjaa puani, alipanga mambo. Minago haikuthibitisha chochote. CD ya Cirhuza ilikuwa imeingizwa mahali pawili tu: katika mashine ya paroisse, ambapo majina yalibaki, na katika mashine ya Mwamini, ambapo yalikwenda. CD ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa katika mashine. Na mtu wa kwanza kutamka kitu kibaya juu ya mashine ile, bila hata kujua kwamba anakitamka, alikuwa Mwamini. Hiyo ni muongo. Hatuiangaliake. Rachidi alianza kutukana kimoyomoyo, kuanzia na nafsi yake.

*

"Bonyeza hapo kwenye saa," alimwambia Mwamini kabla hata hajakaa. "Nataka kuona tarehe."

Mwamini alibonyeza. Kalenda ndogo ilifunguka kiooni.

"Janvier," alisoma Mwamini. "1980."

Nje, kina mama walikuwa wanasimama na kukaa. Mwaka ulikuwa 2003 na mwezi ulikuwa Julai.

"Tuko 1980, dada?"

"Kila umeme ukienda inarudi pale. Mwanzoni nilikuwa natengeneza. Halafu umeme unaenda tena, nikachoka. Majina yanaandikika tu, hata ikiwa 1980."

"Kwa hiyo kila jina uliloandika tangu wakati ule, mashine iliona limeandikwa 1980."

"Si ndiyo."

"Na CD ya Cirhuza ikaja na faili tupu ya mwaka huu. Ikaambiwa ibakize iliyo mpya."

Mikono ya Mwamini ilipanda kichwani. "Yesu wangu," alisema, na yeye alikuwa Mwislamu. "Ilifikiri yangu ni ya zamani."

"Ilitii," alisema Rachidi. "Ndiyo kitu pekee katika ofisi hii kilichofanya vile kilivyoambiwa. Samy! Kamlete Luteni. Na Cirhuza. Mwambie samaki anaweza kuliwa hapa."

Umeme ukakatika.

Haukukatika kwa kelele. Kioo kilizimika tu, na pangaboi la Aristide chumba cha pili likapunguza mwendo hadi likasimama. Rachidi alitazama dari kwa muda mrefu. Halafu alitoka, akavuka uchochoro hadi kwa mwenye mashine ya kukamua mawese, akaomba jenereta, akaambiwa mafuta ya jenereta ni ya kazi, akasema kwamba anaweza kuichunguza kazi hiyo na leseni yake pia akipata nafasi, na waya mrefu ukapitishwa dirishani.

Luteni alifika na mukeke wake mkononi, umefungwa kwenye jani la mgomba. Nyuma yake askari mmoja alimshika Cirhuza kwa kiwiko. Aristide alisimama kando, agenda kifuani.

"Nina muda wa samaki huyu tu," alisema Luteni.

"Unatosha, afande. Mfungueni mikono, kazi hii haifanyiki na kamba."

Luteni aliashiria kwa kidevu. Mwamini akaiwasha mashine. Ililia piii, ikaandika maneno yake gizani, ikagoma, na Cirhuza akasogea mbele kana kwamba ameitwa jina.

"Inasema nini?" aliuliza Rachidi.

"Inasema haijui leo ni siku gani." Cirhuza alimgeukia Mwamini. "Inasemaka hivi kila mara? Mbona hamukuniambia?"

"Hukuuliza," alisema Mwamini. "Na wewe ulikuwa unatumia ile ya paroisse."

Rachidi alimwomba Luteni aandike jina lake mwenyewe. Luteni alipangusa vidole kwenye suruali na kuandika kwa vidole viwili: jina, baba, mama, kilima. Alipofika kwenye mama alichelewa kidogo. Mwamini alihifadhi. Jina likaonekana kwenye jedwali, peke yake.

"Sasa CD."

Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mashine ilikoroma. Mwamini akafungua jedwali upya. Lilikuwa jeupe.

"Miye niko wapi?" aliuliza Luteni.

"Umefutwa, afande."

"Nani amenifuta?"

"Hakuna. Mashine imeona wewe ni mtu wa 1980. Saa yake imekufa, na hawa wote walijua imekufa, wakaizoea. Cirhuza peke yake hakujua." Rachidi alimkabidhi Cirhuza bisibisi aliyoazima kwa mwenye mawese. "Fungua. Nionyeshe kinachotunza saa umeme ukienda."

Jenereta ilizimwa. Cirhuza aliondoa ubavu wa mashine, akaingiza kidole katikati ya nyaya, akakitoa. "Hapa kunakaaka betri, mviringo kama sarafu. Haikufa, Inspecteur. Haiko. Mutu aliitoa."

Rachidi hakumtazama yeyote. Alimuuliza Mwamini, kwa sauti ya kuulizia bei ya nyanya: "Dada, asubuhi Bwana Aristide alipotaja vumbi ulicheka. Kwa nini?"

Mwamini alimtazama bosi wake, akatazama kamba iliyokuwa sakafuni, akaamua. "Kwa sababu hajawahi kupanguza hata kiti chake. Siku zile agenda yake ilikuwa imekufa. Tuliteseka ofisi nzima. Alituma watu hadi Bujumbura betri haipatikani. Halafu siku moja akapanguza vumbi, na kesho yake agenda ikafufuka."

Luteni aliacha kutafuna.

"Bwana Aristide," alisema Rachidi. "Nipe."

"Inspecteur, ni vitu vyangu vya binafsi..."

"Nipe hiyo agenda kabla sijakasirika. Nimeshakasirika. Nipe tu."

Kidude kilifunguliwa kwa nyuma kwa ncha ya bisibisi. Betri ya mviringo iliruka, ikadondoka kwenye kiganja cha Cirhuza. Aliigeuza, akaisukuma mahali pake ndani ya kompyuta, nayo ikaingia na kukaa.

"Mashini iko na umeme mzima wa ukutani!" Aristide alikuwa amepandisha sauti hadi nje. "Betri kidogo hivi ni ya kazi gani kwayo? Mutu yeyote angefikiri hivyo! Haikusema kitu!"

"Ilisema kila asubuhi," alisema Cirhuza.

Waliwasha. Cirhuza aliweka tarehe. Walizima jenereta, wakawasha tena, na mara hii mashine haikulia wala kugoma. Mwamini aliandika jina la Luteni upya kwa niaba yake, baba, mama, kilima. CD. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Jedwali likafunguka, na Luteni alikuwa bado yumo.

Alijitazama kwa muda. Kisha akala kipande cha mwisho cha mukeke, akakunja jani.

"Sawa. Mukongomani abaki."

Cirhuza alikaa chini ghafla, kwenye kiti cha Mwamini. Samy mlangoni alipiga makofi mara moja, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Rachidi alihisi mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Yalishuka mapema.

"Lakini kuna kitu," alisema Luteni kwa ile sauti yake ya upole. "Nimeshaita kwa redio. Nimesema: kutoka Rumonge mtu mmoja, kwa kufuta majina. Kule wanangoja mtu mmoja." Alimtazama Aristide kuanzia viatuni. "Huyu si ndiye?"

Aristide alirudi nyuma hadi ukutani.

"Panda tu," alisema Luteni. "Kama hauna kosa, kule watakuachia. Unaogopa nini?"

Askari alimshika mkurugenzi kwa kiwiko, pale pale alipomshika Cirhuza. Nje lori la mbele lilikuwa limeshawashwa, na moshi wake uliingia hadi ndani. Rachidi aliona viatu vile vinavyong'aa vikiburuzwa hatua moja kuelekea mlangoni. Siku nzima alikuwa amekimbizana na saa, samaki, umeme na waongo ili kumtoa mtu mmoja kwenye lori lile. Sasa ilibidi aanze upya, na kwa ajili ya nani? Hasira ilimpanda hadi masikioni. Alisimama mlangoni.

"Huyu naye hapandi."

"Rachidi."

"Ni mjinga, afande. Kesi ya ujinga ni yangu, ya huku chini. Ukianza kubeba wajinga malori hayatatosha, na utaanza na sisi wote tuliomo humu."

"Ile mstari ya tarehe niliiandika miye," alisema Cirhuza kutoka kitini. "Sikufikiri saa inaweza kufa. Kosa ni nusu kwa..."

"Nyamaza wewe!" alimfokea Rachidi. "Nimetoka kukutoa!"

Mwamini, bila kusema neno, alikuja na kusimama karibu na inspekta. Kisha Samy. Kisha Cirhuza, akiyumba, alama za kamba bado nyekundu mikononi, alikuja na kusimama kumkinga Aristide, mtu aliyetaka yeye apelekwe. Mlango ulikuwa mdogo. Wanne waliujaza.

Nje honi ililia. Luteni alitazama jua kupitia dirishani, na lilikuwa limeshaanza kuinama.

"Nitawaambia nini kule juu?"

"Waambie saa ilikufa," alisema Rachidi. "Ni kweli, na inaandikika kwenye ripoti."

Luteni alifikiri. Alitupa jani la mgomba kwenye pipa la karatasi la ofisi, akaashiria, na askari akaachia kiwiko. Walisikia buti uchochoroni, milango ya malori, na hatimaye msafara ukielekea kaskazini na lori la mbele halina mtu nyuma. Hakuna aliyesogea hadi vumbi lilipotulia. Samy alitumwa Minago, CD ikiwa bado imefungwa nyuma ya pikipiki, arudi na diskete ya majina, na Mwamini akatoka kuwaambia kina mama kwamba wasiondoke.

Aristide alikuwa amebaki ukutani, jasho likimtiririka. Aliokota agenda yake sakafuni, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. Kioo kilikuwa kitupu.

"Inspecteur," alisema. "Namba zangu zote zilikuwa humu. Sasa hii, nani atanilipa?"

Rachidi alimgeukia Cirhuza. "Ndugu yangu," alisema, "nishike mkono. Nishike vizuri, kabla sijamkimbilia yule Luteni nikamuomba arudi."

Cirhuza alimshika.